Panya, Mzingile na Njia Panda ya Minjila

Nimekuwa kimya kidogo hapa bloguni. Sababu si uvivu. Sababu ni panya.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anasomea famasia katika chuo kimoja hapa Kenya (chuo sikitaji, na jina lake pia naliweka mfukoni). Miezi michache iliyopita alinitumia faili za video, gigabaiti kwa gigabaiti, pamoja na ujumbe mfupi: "Kaka, wewe si mtu wa kompyuta? Nisaidie kuhesabu." Nikafungua ya kwanza. Panya mweupe yuko juu ya kitu kama msalaba wa mbao, anazungukazunguka. Dakika tano. Nikafungua ya pili. Panya mwingine, msalaba uleule, dakika tano tena. Ukitazama video kumi za namna hiyo mfululizo, usiku, umeme unakatika na kurudi, unaanza kuwaza mambo ambayo hukuyapanga.

Programu yenyewe haikuwa kazi ngumu. Kilichonikalisha wiki kadhaa ni neno moja. Kwenye jedwali alilonichorea binamu, safu ya mwisho aliipa jina WASIWASI. Nikamuuliza: sekunde zinaingia huku, wasiwasi unatokea kule, katikati kuna nini?

Ngoja kwanza nieleze huo msalaba, maana najua wengi wenu mkisikia mzingile mnafikiria vile vichochoro vya kuchora kwenye magazeti ya watoto, mtu anatafuta njia ya kutokea. Huu hauna pa kupotea. Ni mikono minne tu, kila mmoja urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 10, umeinuliwa nusu mita kutoka sakafuni. Mikono miwili inayotazamana ina kuta za sentimita 40. Miwili mingine haina kuta, ni ubao mtupu. Unamweka panya katikati, unaanzisha saa, unaondoka. Baada ya dakika tano unamtoa. Kinachohesabiwa ni muda aliokaa kwenye mikono iliyo wazi na mara ngapi aliingia huko.

Mantiki yake mtu yeyote wa Garsen anaielewa bila kwenda chuo. Washa tochi ghafla usiku ndani ya stoo ya mpunga. Panya hakati katikati ya sakafu hata siku moja. Anafuata ukuta, masharubu yakigusa ukuta, mpaka aone tundu. Uwazi kwake ni bundi, ni paka, ni fimbo ya mama. Lakini panya huyohuyo ana udadisi. Sehemu asiyoijua humwita. Basi ule msalaba unamgombanisha na nafsi yake: nitoke nikaone, au nibaki ukutani? Wengi wetu tungedhani kinachomtisha ni ule urefu wa kwenda chini. Dallas Treit na wenzake kule Canada walilichunguza hilo mwaka 1993, wakaona kimo si hoja kubwa. Tatizo ni kukosa ukuta wa kugusa.

Aliyeufanya msalaba huu uwe kipimo cha kawaida cha maabara ni kundi la Sharon Pellow, Philippe Chopin, Sandra File na Mike Briley, katika makala yao ya 1985. Walichofanya ndicho kilichonivutia mimi kama mwandishi wa programu, kwa sababu ni majaribio kama yale tunayoyafanya kabla ya kumkabidhi mteja kazi. Walichukua dawa ambazo tayari zinajulikana kuwatuliza watu wenye wasiwasi, mfano diazepamu (wengi mnaijua kwa jina la Valium), wakawapa panya. Panya wakatoka zaidi kwenye mikono wazi. Wakachukua dawa ambazo huwatia watu wasiwasi, mfano yohimbini. Panya wakatoka kidogo. Yaani kipimo kilipewa maswali ambayo majibu yake yalishajulikana, kikayapata. Sawa kabisa. Lakini angalieni walichothibitisha: dawa zinazogusa wasiwasi wa mtu hugusa pia zile sekunde za panya. Hilo si sawa na kusema sekunde NI wasiwasi. Nitarudi hapo.

Sasa upande wa kompyuta. Nimetumia Python na OpenCV, ambayo ni programu huria, haina malipo. Video ina fremu 25 kwa sekunde, dakika tano ni sekunde 300, kwa hiyo ni fremu 7,500 kwa kila panya. Unaipa kompyuta picha ya msalaba mtupu, inaitoa kwenye kila fremu, kinachobaki ni panya. Kwa kompyuta si panya, ni doa. Inatafuta kitovu cha doa, inauliza kitovu kiko mkono upi, inaandika, inaenda fremu inayofuata. Mwisho inajumlisha. Mistari haifiki mia mbili.

Hapo ndipo yalipoanza. Desturi ya maabara ni kwamba panya anahesabiwa kuingia mkono pale miguu yake yote minne ilipoingia. Kompyuta haioni miguu, inaona doa. Ukitumia kitovu, panya aliyetoa kichwa na miguu ya mbele anaweza kuhesabiwa yuko nje, au yuko ndani, kutegemea umechora mpaka wapi. Nilisogeza mpaka kwa sentimita mbili tu, majedwali yakabadilika. Si sana, lakini binamu yangu alikuwa anatafuta tofauti ambayo nayo si kubwa sana!

Kisha nikaona jambo zuri zaidi. Kulikuwa na panya mmoja ambaye programu ilimpa sifuri. Hakutoka kabisa. Nikarudia video yake kwa macho yangu. Jamani, huyu panya alikuwa na kazi nyingi. Anafika ukingoni mwa ukuta, anajinyoosha kama mpira, miguu ya nyuma imebaki ndani, pua iko nje inanusa kushoto, kulia, chini. Anarudi. Anatulia kidogo. Anakwenda kuchungulia upande wa pili. Watafiti wana jina la mwenendo huu, wanasema ni kupima hatari, na wapo wanaouhesabu peke yake. Nikafungua video nyingine iliyopewa sifuri. Huyu alijikunja kwenye kona mwisho wa mkono wenye kuta, hakusogea. Jedwali linasema wawili hawa ni pacha. Sifuri hizo mbili hazina hata undugu.

Nikaongeza safu. Programu sasa inapima urefu wa doa pia. Doa likirefuka huku kitovu kimebaki ndani, inaandika KUCHUNGULIA. Na nikaongeza safu nyingine ya mara ngapi panya ameingia mikono yenye kuta, kwa sababu dawa ikimlevya panya mpaka hatembei, hatatoka nje, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba ana wasiwasi mwingi kumbe ana usingizi. Binamu anajaribu mti mmoja ambao wazee wa kwetu huchemsha majani yake kwa mtu asiyelala. Dawa ya asiyelala! Ukiipima bila safu hiyo utajidanganya mchana kweupe.

Mambo mengine yanayochezea kipimo hiki yangekufanya ucheke. Mwanga wa chumba. Saa ya siku, kwa kuwa panya ni mtu wa usiku. Namna alivyoshikwa akitolewa kizimbani. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilichapisha kwenye jarida la Nature Methods kwamba panya wakubwa na wadogo hupata mfadhaiko kwa harufu ya mwanamume tu, hata fulana aliyoivaa ikiachwa karibu nao. Harufu ya mwanamke haikufanya hivyo. Kwa hiyo ratiba ya nani yuko zamu leo inaweza kuingia kwenye data yako bila kubisha hodi. Na kuna jaribio la mwaka 1999 la John Crabbe, Douglas Wahlsten na Bruce Dudek ambalo kila mwandishi wa programu angelipenda. Maabara tatu, Albany, Portland na Edmonton. Panya wadogo wa nasaba zilezile, vifaa vilevile, ratiba ileile, kila kitu kimesawazishwa kadiri binadamu anavyoweza. Msalaba huu ulikuwa mmoja wa vipimo. Majibu hayakulingana kila mahali. Sisi huwa tunasema "kwenye mashine yangu inafanya kazi". Kumbe wenzetu nao wana msiba huohuo.

Haya. Mpaka hapa ni hofu ya papo hapo. Kumbukumbu je?

Sandra File huyohuyo, mwaka 1990, aliandika juu ya jambo la ajabu. Panya ambaye ameshawahi kuwekwa kwenye msalaba mara moja tu, hata kwa dakika tano, bila dawa yoyote, ukimrudisha mara ya pili na kumpa dawa ya kutuliza ya kundi la diazepamu, dawa haimsogezi tena. Dawa ni ileile, kipimo kilekile, msalaba uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa panya anajua. Mara ya kwanza alikuwa anajiuliza huko nje kuna nini. Mara ya pili ameshaamua. Ndiyo maana video za binamu ni za panya waliopanda mara moja tu, na mtu akikuletea data ya panya waliorudishwa bila kusema, usiipokee.

Kwa watu wa msalaba hiyo ilikuwa hitilafu. Wabrazil wakaifanya kuwa kazi. Frederico Graeff na wenzake, 1993, waliuondoa mkono mmoja wenye kuta. Ukabaki mzingile wa herufi T: shina lenye kuta, na mikono miwili iliyo wazi. Panya anawekwa mwisho wa shina, ambako haoni uwazi mpaka atoe pua nje. Mara ya kwanza anatoka upesi, hajui lolote. Anarudishwa. Mara ya pili anakawia. Mara ya tatu anakawia zaidi au hatoki. Huko kukawia ndiko kunakopimwa, na ni kitu alichojifunza. Halafu, panya huyohuyo, anawekwa mwisho wa mkono ulio wazi. Hapo hahitaji somo. Anakimbilia kwenye kuta, na mbio hizo zinapimwa kwa saa yake nyingine. Baada ya saa 72 anarudishwa tena, ili ionekane alichojifunza kimebaki au kimeyeyuka.

Diazepamu inapunguza kule kukawia. Zile mbio haizigusi. Imipramini ikitolewa kwa muda mrefu hupunguza mbio. Graeff akasema basi hivi ni vitu viwili: kuepuka kulikofunzwa, na kukimbia kwa asili. Cha kwanza akakiweka karibu na wasiwasi wa kila siku wa mtu, cha pili karibu na hofu kuu inayomshika mtu ghafla. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya majina, na wabishane tu. Mimi nilichokipenda ni kwamba mnyama mmoja, kwenye kifaa kimoja, ametoa namba mbili, na namba hizo zinakataa kuongozana.

Nilipoona ule mchoro wa T, nilicheka peke yangu. Ukitoka Malindi kwa gari kuja kwetu, unafika Minjila. Pale barabara inaachana: huku Garsen, Hola mpaka Garissa, huku Gamba, Witu mpaka Lamu. Si herufi T ya rula, lakini aliyekaa pale akisubiri gari ananielewa. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa. Julai ikafuata Hindi, na kituo cha polisi cha Gamba, ambacho kiko hapo tu mbele yetu. Baada ya hapo magari ya Lamu yakawa yanakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Abiria wanashuka, wanakunywa chai, wanatazama saa. Sasa mpandishe juu mtu mwenye kamera, asiyejua habari ya msafara, aandike muda ambao kila gari lilikawia kabla ya kuingia mkono wa Lamu. Atapata grafu nzuri sana ya wasiwasi wa madereva. Na dereva mwenyewe ukimuuliza atakuambia hana wasiwasi wowote, anangoja askari wamalize chai.

Hiyo ni mzaha kidogo. Hii inayofuata si mzaha.

Mama yake binamu yangu ni shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Mwaka 2012 alikuwa kijijini, kwenye delta. Mnajua ya mwaka huo: Agosti Riketa, ambako zaidi ya watu 50 waliuawa, Septemba Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, Desemba Kipao. Wapokomo na Waorma, maji na malisho, na siasa ya uchaguzi uliokuwa njiani. Waliokufa kwa jumla walizidi 100. Sitasema ukoo wetu ni wa upande upi. Wanaonifahamu wanajua, na wasionifahamu haitawasaidia kitu. Shangazi alitoka usiku na watoto, wakalala Garsen, kisha wakaja Malindi, wakakaa nasi karibu miaka mitatu. Halafu akarudi.

Shamba lake moja liko ng'ambo ya mto. Tangu arudi haendi huko. Baada ya mafuriko ya 2018 alipita kijana wa shirika moja na dodoso la kiwewe. Nilikuwepo, nimekaa mkekani. Akauliza kama anaepuka mahali panapomkumbusha yaliyotokea. Shangazi akasema ndiyo. Kijana akatia alama. Shangazi akamtazama, akamwambia, "Mbona huniulizi kwa nini, mwanangu? Pale kuna mamba. Naye namwepuka." Kijana alicheka kwa adabu. Hakukuwa na kisanduku cha mamba.

Novemba 2023, redio ilipoanza kutaja mvua za juu na maji ya mabwawa, shangazi alihamisha godoro, mbuzi na gunia la mahindi kabla maji hayajafika hata shamba la jirani. Watu walimcheka, mama huyu anaishi na 1997 kichwani. Maji yakaja. Barabara ya Lamu ikakatika upande wa Gamba, watu wakajaa kwenye mahema. Mei 2024 yakaja tena, na safari hiyo hakuna aliyemcheka. Ukimweka kwenye jedwali la binamu, shangazi yangu ana alama ya juu kabisa ya kuepuka. Nami nasema: ule ni ujuzi wa mto. Panya anayechungulia mara kwa mara kabla ya kukataa kutoka anafanya hesabu. Mwache.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni ujuzi mtupu, kwa sababu nimelala nyumba moja naye. Mwaka ule wa kwanza Malindi, saa kumi alfajiri, nilikuwa nikienda msalani namkuta amekaa kitandani, amevaa viatu. Mashambulio mengine kwetu yalikuja alfajiri. "Shangazi, shikamoo, vipi?" "Marahaba mwanangu. Nalala sasa." Halali. Ile haikuwa hesabu. Mamba hafiki mtaa wetu wa Malindi. Ile ilikuwa ubao wa wazi, na mwili unatafuta ukuta.

Hata hili lina maabara yake, ingawa hapa mzingile unaachwa nje na panya anaingizwa kwenye kisanduku. Anasikia mlio, kisha miguu inapigwa na umeme kidogo. Kesho yake mlio pekee unamgandisha. Hasogezi chochote ila kifua kinachopumua. Kisanduku chenyewe nacho, bila mlio, kinamgandisha. Mwaka 1992 Jeansok Kim na Michael Fanselow walionyesha kwamba ukiharibu hipokampasi siku moja baada ya somo, hofu ya kisanduku inaondoka lakini hofu ya mlio inabaki. Ukingoja siku 28 ndipo uiharibu, hofu ya kisanduku nayo inabaki, imeshahamia kwingine. Yaani mahali na mlio havikuandikwa kwenye daftari moja, na daftari lenyewe hunakiliwa kadiri siku zinavyokwenda. (Ndiyo, umeme na upasuaji. Sipendi, na sijifanyi kupenda. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inataka majaribio ya namna hii yawe na leseni.)

Ukimsikilizisha panya mlio mara nyingi bila umeme, hofu inashuka mpaka unadhani imefutika. Haijafutika. Pavlov mwenyewe, na mbwa wake, aliona kwamba jambo lililozimwa hurudi lenyewe baada ya mapumziko. Mark Bouton, kule Vermont, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mahali pana kauli kubwa: mzime panya hofu yake kwenye chumba kingine, kisha mrudishe kwenye chumba cha kwanza, hofu iko pale, inamsubiri. Somo jipya la usalama limeandikwa juu ya lile la zamani, na limeandikwa kwa anwani ya chumba kile kingine.

Mwaka wa tatu Malindi shangazi alikuwa analala mpaka adhana imwamshe. Tulifurahi, tukasema amepona, ndiyo maana tukamsindikiza arudi. Wiki ya kwanza kijijini, binamu akanipigia: "Kaka, mama amevaa viatu tena." Hakuna aliyekuwa amemtisha. Kijiji kilikuwa kimetulia. Sidhani Bouton amewahi kusikia jina la Garsen, lakini angeweza kutuambia kabla hatujafunga mizigo. Tungemrudisha vilevile, nadhani, maana ni kwake. Pengine tungelala naye mwezi mzima badala ya siku mbili.

Najua shangazi si panya, na akisomewa haya nitatafuta pa kujificha. Sisemi panya wa binamu wanaeleza yaliyompata. Nasema hivi: kwa mtu huyu mmoja nimeona vitu viwili kwa macho yangu, kimoja kinachohamisha mbuzi kabla ya maji, na kingine kinachovaa viatu saa kumi alfajiri. Dodoso la yule kijana liliviweka kwenye alama moja. Na jedwali lenye safu ya WASIWASI lingefanya vivyo hivyo, tena kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Kama ule mti wa wazee unatuliza kitu, nataka kujua unatuliza kipi. Mti unaomlaza shangazi mpaka asubuhi ni neema. Mti unaomfanya asisikilize redio mwezi wa kumi na moja mimi siutaki nyumbani kwetu, na msalaba wa 1985 peke yake hauwezi kuniambia tofauti.

Tulibishana na binamu siku mbili kwenye simu. Yeye anasema msimamizi wake anataka neno, si sekunde. Utafiti wa namba tupu haupiti. Nikamwambia neno aliweke kwenye maelezo, mahali ambapo anaweza kulitetea kwa sentensi nzima, lakini si kwenye jina la safu, ambako halitetewi na mtu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa, ila hiyo kuchungulia uniachie, ni nzuri." Programu ya sasa inatoa safu nne: SEKUNDE_WAZI, KUINGIA_WAZI, KUINGIA_KUTA na KUCHUNGULIA. Kila moja inasema ilichokiona na hainyanyui mdomo zaidi ya hapo.

Ya herufi T ameiomba mwenyewe, na msimamizi amekubali. Mbao zimeshakatwa na fundi mmoja: shina na mikono miwili, vipimo vilevile, ukingo wa sentimita moja kwenye mikono wazi ili panya asiteleze. Programu yake itakuwa rahisi zaidi, ni kusita tu na kukimbia, saa mbili tofauti. Bado nahangaika na vivuli. Taa ya chumba chao iko upande mmoja, na kivuli cha ukuta kikimwangukia panya doa linakatika vipande viwili, programu inadhani wako wawili. Nikishalitatua nitaiweka hapa, bure, mchukue.